Uso wa Aliyeshindwa: Vita vya Visasili kwenye Mitungi ya Wayunani

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, umo mtungi wa udongo wenye vishikio viwili, kimo chake takriban sentimita 41, uliofinyangwa na kupambwa mjini Athens kati ya mwaka 540 na 530 kabla ya kuzaliwa Kristo (K.K.). Ubavuni mwake wamechorwa watu wawili tu. Mmoja ni Achilles, shujaa mkuu wa jeshi la Wayunani lililouzingira mji wa Troy. Wa pili ni Penthesilea, malkia wa Waamazoni, wale wanawake wapiganaji ambao katika visasili walikuja kuwanusuru watu wa Troy baada ya kuuawa Hector. Achilles amesimama juu, anausukuma mkuki. Penthesilea anaanguka kwa goti, ameugeuza uso wake kumtazama anayemwua, na mkuki umekwisha kumwingia kooni. Damu inaruka kwa michirizi myekundu. Mkuki wake yeye umepita mbele ya kifua cha adui bila ya kumdhuru.

Msomaji azitazame nyuso. Uso wa mshindi haupo. Chapeo imeufunika wote, limebaki jicho moja tu ndani ya tundu la shaba. Uso wa malkia uko wazi, umepakwa rangi nyeupe, na jicho lake linamwelekea Achilles. Fundi aliyeufanya mtungi huu ameandika jina lake juu yake: Exekias.

Tumezoea kuambiwa kuwa sanaa ya vita ni tarumbeta ya mshindi, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Wafinyanzi wa Athens nao waliwachorea washindi, kwani katika hadithi ni Wayunani walioiteketeza Troy, na wanunuzi wa Athens walijihesabu kuwa warithi wa fahari hiyo. Hata hivyo, katika kazi zao zilizo bora, uso ulioachwa wazi ili utazamwe ni wa adui. Nakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo halikuwa la bahati nasibu, kwamba visasili viliwapa mafundi ruhusa ya kusema yale ambayo mji wao haukutaka kuyasikia, na kwamba ruhusa hiyo ilikuwa na kikomo chake.

Vyombo na moto

Anayeandika juu ya vyombo hivi kwa Kiswahili hukwama kwanza kwenye majina. Wayunani walikuwa na jina mahsusi kwa kila umbo: amphora, mtungi wa vishikio viwili wa kuwekea mvinyo au mafuta, hydria, mtungi wa maji wenye vishikio vitatu, viwili vya kuinulia na kimoja cha kumiminia, krater, bakuli kubwa la kuchanganyia mvinyo na maji, kylix, kikombe kipana chenye kina kifupi, juu ya mguu. Nimeona bora niseme mtungi, bakuli na kikombe, maana ndivyo vilivyokuwa: vyombo vya kutumiwa. Vingi katika hivyo vilikusudiwa karamu za wanaume, ambamo wageni waliegemea mito, wakanywa, wakaimba mashairi na kubishana. Picha ilizunguka mikononi pamoja na kinywaji. Jambo hili lisisahauliwe: mauaji tutakayoyataja hapa yalichorwa ili yatazamwe na watu walio katika starehe.

Mafundi walikaa hasa katika mtaa wa Athens ulioitwa Kerameikos, yaani mtaa wa wafinyanzi. Udongo wa jimbo la Attica una chuma kingi ndani yake, na siri yote ya kazi yao ilikuwa humo. Weusi unaong'aa kwenye vyombo hivi haukuwa rangi ya kupaka kama tuijuavyo. Ulikuwa ni udongo uleule, uliochujwa hata ukawa rojo laini. Fundi alichora kwa rojo hilo, kisha chombo kikaingia jokoni kwa moto wa hatua tatu. Kwanza hewa iliachwa ipite, na chombo chote kikawa chekundu. Kisha matundu yakazibwa na kuni mbichi zikatiwa, joto likiwa karibu nyuzi 900 za Selsiasi, moshi ukatawala na kila kitu kikawa cheusi. Mwisho matundu yakafunguliwa tena: udongo wa kawaida ukaurudia wekundu wake, lakini sehemu zilizopakwa rojo, ambazo zilikuwa zimeyeyuka juujuu na kujifunga kama kioo, zikabaki nyeusi daima.

Katika mtindo wa kwanza watu huchorwa weusi juu ya udongo mwekundu, na mistari ya macho, misuli na mavazi hukwaruzwa kwa ncha kali. Ngozi za wanawake zilipakwa nyeupe juu ya weusi huo. Ndiyo sababu Penthesilea ni mweupe na Achilles ni mweusi. Baina ya mwaka 530 na 520 K.K. mafundi wa Athens waliupindua utaratibu: weusi wakaujaza pembeni, watu wakawaacha katika wekundu wa udongo, na mistari ya ndani wakaichora kwa brashi. Faida yake ilikuwa kubwa kwa habari yetu, kwani brashi huweza kuufuata mkunjo wa shavu na ulegevu wa mkono wa maiti kwa namna ambayo ncha ya chuma haiwezi.

Safu na shujaa mmoja

Mtu asidhani kuwa picha hizi ni ushahidi wa namna Wayunani wa zama hizo walivyopigana. Kufika katikati ya karne ya saba K.K. wanaume wa miji yao walikuwa wamekwisha kuanza kupigana kwa safu, bega kwa bega, ngao ya mmoja ikimkinga na jirani yake. Vita vya namna hiyo vimechorwa kwenye jagi dogo lililotengenezwa Corinth karibu na mwaka 640 K.K., likafukuliwa nchini Italia mwaka 1881, na sasa limo katika makumbusho ya Villa Giulia mjini Roma. Huitwa jagi la Chigi. Safu zinakabiliana, mikuki imeinuliwa, na kijana mmoja anapuliza zumari ili watu waende kwa hatua moja. Wapiganaji ni wengi, nao wanafanana. Humo katika safu huwezi kumchagua mtu ukasema: huyu ndiye.

Wachoraji wa Athens hawakuwa wajinga wa vita vya safu. Lakini walipochora visasili waliiacha safu, wakamrudia shujaa mmoja mbele ya shujaa mmoja, na mara nyingi kila mmoja aliandikiwa jina lake karibu na kichwa. Msomaji aliyelelewa na tenzi za vita anaujua utaratibu huu: majeshi hunyamaza, wawili hutoka, hutajiana nasaba, kisha panga huzungumza. Sababu ni moja kwa mtunzi na kwa mfinyanzi. Safu hufa bila ya uso. Ili kifo kiwe na uzito, lazima awepo mtu mwenye jina, mwana wa fulani, ambaye yupo mahali atakayemlilia.

Sisemi kuwa kila chombo kilikuwa na huruma. Vipo vingi sana ambavyo juu yake watu wawili wanachomana mikuki kama pambo tu, bila ya majina wala habari, na mnunuzi wake hakutaka zaidi ya hilo. Ninaowazungumzia ni mafundi wakubwa, wale ambao hata tusipoyajua majina yao wataalamu wameitambua mikono yao kwa namna wanavyochora sikio au goti.

Mnyororo wa Exekias

Utenzi wa Iliad, unaonasibishwa na Homer, huishia kwenye maziko ya Hector. Yaliyofuata yalisimuliwa katika utenzi mwingine, Aithiopis, ambao umepotea na kutuachia muhtasari tu: kuja kwa Penthesilea na kuuawa kwake, kuja kwa Memnon na kuuawa kwake, kisha kifo cha Achilles mwenyewe. Ukizikusanya kazi za Exekias, zile alizozitia sahihi na zile zilizotambuliwa kwa mkono wake, utaona kuwa fundi huyu aliurudia mnyororo huu pete baada ya pete.

Mtungi ulio katika makumbusho ya Vatican unawaonyesha Achilles na binamu yake Ajax wamekaa wakicheza mchezo wa kete, mikuki ingali mikononi. Karibu na vinywa vyao yameandikwa wanayoyatamka: Achilles ametaja nne, Ajax tatu. Hapana damu hapa, lakini aijuaye hadithi anajua kuwa wote wawili hawatarudi makwao. Pete ya pili ni mtungi wa London tuliouanza nao. Ya tatu ni mtungi ulioko Munich, ambapo Ajax ameinama chini ya mzigo wa maiti ya Achilles, anaiondoa vitani.

Habari hiyo ya maiti kubebwa ilikuwa imekwisha kuchorwa kabla yake. Karibu na mwaka 570 K.K. mchoraji Kleitias na mfinyanzi Ergotimos walifanya bakuli kubwa ambalo leo limo mjini Florence na huitwa bakuli la François, kwa jina la mchimbuaji aliyelipata karibu na Chiusi mnamo 1844 na 1845. Lina watu na wanyama wapatao 270, na maneno zaidi ya mia moja yameandikwa juu yake. Mwaka 1900 mlinzi mmoja wa jumba hilo alilivunja kwa hasira likawa vipande 638, na mafundi wakaliunga upya kwa subira. Mwilini mwake kuna arusi, msafara wa miungu, mashindano ya farasi, na vita vya makentauri, viumbe nusu mtu nusu farasi. Lakini juu ya vishikio, mahali ambapo jicho hufika mwisho, Kleitias amemweka Ajax na mzigo wake: Achilles yu uchi, nywele zimening'inia, jicho limefumba. Hapo chapeo haipo tena. Mshindi amerudishiwa uso wake alipokufa.

Pete ya mwisho ya Exekias imo katika mji wa Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Silaha za Achilles zimegombewa, Ajax amenyimwa, akarukwa na akili, na aibu imemfika. Wachoraji wengine walimwonyesha akiwa ameshauangukia upanga wake. Exekias alichagua dakika ya kabla. Ajax amechutama peke yake, anaushindilia udongo kuzunguka mpini ili upanga usimame wima; kipaji chake kimekunjwa kwa mikwaruzo myembamba. Upande mmoja mtende, upande wa pili silaha zake zimepumzika, na chapeo tupu inamwelekea kama mtu anayetazama. Hakuna adui katika picha. Ukiisoma mitungi hii minne kwa pamoja, unaelewa kuwa uso wa Penthesilea haukuachwa wazi kwa sababu yeye ni mwanamke au ni mgeni tu. Uliachwa wazi kwa sababu zamu yake ya kufa ilikuwa imefika, na zamu hiyo huwafikia wote.

Mama wa Memnon

Baada ya Penthesilea alikuja Memnon, mfalme wa Waethiopia. Jina hilo kwa Kiyunani maana yake ni watu wa nyuso zilizounguzwa na jua. Wayunani walilitumia kwa watu weusi wa nchi zilizo kusini ya Misri, na katika visasili kwa taifa la mbali, karibu na mahali jua linapochomoza. Memnon alikuwa mwana wa Eos, yaani Alfajiri, na kwa hiyo yeye na Achilles walikuwa sawa: kila mmoja ana mama wa kiungu aliyekuwa akitazama vita, na kila mama alijua kuwa mmoja lazima aondoke na maiti.

Wachoraji walikuwa na namna ya kipekee ya kumwonyesha. Memnon mwenyewe humvika silaha za Kiyunani na kumpa sura ya Kiyunani, lakini wafuasi wake huchorwa kwa sura za Kiafrika, pua pana, midomo minene na nywele za kipilipili, zilizotazamwa kwa makini na mtu aliyewahi kuwaona watu wa namna hiyo. Kwenye mtungi mmoja ulioko London na mwingine ulioko Philadelphia, Muethiopia mmoja ameandikiwa jina lililo sawa au karibu sawa na Amasis. Amasis lilikuwa jina la mfalme wa Misri, na pia la mfinyanzi mashuhuri wa Athens aliyefanya kazi wakati mmoja na Exekias. Wapo wataalamu wanaodhani kuwa hapa pana utani wa mafundi wawili wa mtaa mmoja. Iwe utani au la, majina kama Amasis, Lydos, maana yake mtu wa Lydia, na Skythes, maana yake Mskithi, yanatukumbusha kuwa mtaa wa Kerameikos haukuwa wa wenyeji watupu. Baadhi ya waliochora vita vya Wayunani na wageni huenda walikuwa wageni wenyewe, au wana wa wageni.

Kazi kubwa kuliko zote juu ya Memnon ni ya Douris, kwenye kikombe cha miaka ya 490 hadi 480 K.K. kilichomo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Nje ya kikombe mashujaa wanapambana: Menelaus anamfukuza Paris, Ajax anamkabili Hector. Ndani, katika duara la chini kabisa, yumo Eos mwenye mbawa, ameinama, ameubeba mwili wa mwanawe. Mwili umenyooka na kulegea, mikono inaning'inia, majeraha yanachuruzika damu. Mtu aliyepewa kikombe hiki karamuni aliviona kwanza vita vya nje. Mvinyo ulifunika yaliyomo. Alipokunywa hadi mwisho ndipo mama alipomtokea. Mapokeo ya baadaye, aliyoyashika mshairi wa Kirumi Ovid, yanasema kuwa umande wa asubuhi ni machozi ya Eos, ambayo hajaacha kuyatoa.

Hapana kisingizio cha kusema kuwa Douris alikuwa akimlilia mtu wa upande wake. Memnon alikuwa adui, mfalme wa ugenini, aliyeuawa na shujaa mpendwa kuliko wote. Douris alimpa mama.

Mchi wa mwanamke wa Troy

Mwaka 494 K.K. Waajemi waliuteka mji wa Miletus, mji wa Kiyunani katika pwani ya Asia Ndogo, wakauangamiza. Watu wa Athens walikuwa na udugu na Miletus na walikuwa wamewahi kuisaidia. Mshairi Phrynichus akatunga mchezo juu ya maafa hayo. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kuwa mchezo ulipoonyeshwa, watazamaji wote waliangua kilio. Kisha mji ukamtoza mshairi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, na ukakataza mchezo huo usionyeshwe tena na mtu yeyote. Wenye kutunga wanaweza kujifunza mengi kwa faini hiyo. Mji ulikuwa tayari kuulilia msiba, lakini haukuwa tayari kutajiwa jina lake.

Katika miaka hiyohiyo, kati ya 490 na 480 K.K., mfinyanzi mmoja alimpa mchoraji ambaye wataalamu humwita Mchoraji wa Kleophrades mtungi wa maji wenye vishikio vitatu. Ulifukuliwa Nola, kusini mwa Italia, mwaka 1797, ukiwa umehifadhi majivu ya maiti, na sasa umo katika makumbusho ya Naples. Mabegani mwake umezungushiwa usiku wa kutekwa Troy. Priam, mfalme mzee, amekaa juu ya madhabahu, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kumwaga damu. Mapajani mwake amelala mjukuu wake Astyanax, amekwisha kuuawa, mwili umejaa majeraha. Mzee amekishika kichwa chake kwa mikono miwili. Damu imekwisha kumtoka, na Neoptolemos, mwana wa Achilles, ameuinua upanga wake mpana kwa pigo jingine. Upande mmoja Cassandra amelikumbatia sanamu la Athena, na Ajax mdogo anamvuta atoke. Wanawake wamekaa chini wakijivuta nywele. Mtende umepinda kama ulioelemewa na upepo. Kwa mbali Aeneas anatoroka na baba yake mgongoni.

Katikati ya haya yumo mwanamke mmoja aliyesimama. Anamkabili mwanajeshi wa Kiyunani aliyejikunyata nyuma ya ngao, naye ameuinua mchi. Sitaki kuutafuta tena mfano mwingine wa neno la ufinyanzi lililonipa kazi ndogo kuliko hili wakati wa kufasiri: mchi ni mchi, ule wa kinu, ambao kila nyumba iliyokuwa na kinu iliujua. Mji umeishiwa na wanaume, mikuki yote imevunjika au imechukuliwa, na chombo cha jikoni kimekuwa silaha ya mwisho. Mchoraji hakumdhihaki. Yeye ndiye pekee katika duara lile ambaye mbele yake Myunani amerudi nyuma.

Mwaka 480 K.K. Waajemi waliingia Athens yenyewe, wakayachoma mahekalu ya kilimani, na mwaka uliofuata wakauharibu tena mji. Kama mtungi ulichorwa mwezi mmoja kabla ya moto huo au mwezi mmoja baada yake, maana yake haibadiliki. Miletus ilikuwa imekwisha kuungua. Phrynichus alitaja mji kwa jina lake akatozwa faini; mchoraji aliuita Troy, na hakuna aliyemgusa. Na tena alifanya lililo zito zaidi kuliko mshairi. Phrynichus aliwaliza watu wa Athens kwa ajili ya ndugu zao. Mchoraji aliwaonyesha wazee wa mji ulioteketezwa na Wayunani wenyewe, akawaacha walinganishe.

Suruali za Waamazoni

Haikudumu hivyo. Waajemi walishindwa, na baada ya 479 K.K. Athens ikawa dola yenye manowari na miji inayoilipa kodi. Visasili vikapewa kazi mpya. Tangu mwisho wa karne ya sita wachoraji walikuwa wakiwavika Waamazoni suruali zenye marembo na kuwapa pinde, kwa mfano wa Waskithi na watu wengine wa mashariki. Baada ya vita mavazi hayo yakasomwa kwa namna moja tu, kuwa ni ya Mwajemi. Karibu na mwaka 460 K.K., katika ukumbi wa wazi mjini Athens ulioitwa Stoa Poikile, ukuta ulipambwa kwa picha za vita vya Marathon, vya mfalme Theseus dhidi ya Waamazoni na za kutekwa Troy, zote mahali pamoja. Maana yake haikuhitaji mfasiri. Waamazoni walikuja wakashindwa, Troy ilikuja ikashindwa, Mwajemi naye kadhalika. Hekalu la Parthenon, lililojengwa kati ya 447 na 432 K.K., lilikariri somo hilo kwa mawe: upande wa magharibi Waamazoni, kusini makentauri, mashariki majitu yaliyopigana na miungu, kaskazini Troy.

Wachora vyombo waliufuata ukuta. Vita vya Waamazoni vikajaa kwenye mabakuli, watu wengi wametawanywa juu na chini kama wapandao vilima, na mara nyingi mwanamke anayeuawa humo ni mmoja wa kundi, mavazi yake yamechorwa kwa uangalifu kuliko macho yake. Adui akawa ni nguo.

Hata wakati huo alikuwapo aliyekumbuka. Kikombe kipana kilichofukuliwa Vulci na sasa kimo Munich, kipenyo chake sentimita 43, kilichorwa baina ya 470 na 460 K.K. na fundi ambaye kwa ajili yake huitwa Mchoraji wa Penthesilea. Achilles anamzamishia malkia upanga, na malkia amenyoosha mkono kifuani pake. Safari hii nyuso zote mbili ziko wazi, na macho yamekutana. Hadithi ya kale inasema kuwa Achilles alishikwa na mapenzi, na mwenzake Thersites alipomcheka kwa hilo, alimwua. Exekias alimfichia Achilles uso. Fundi huyu alimlazimisha atazame.

Kaburi lililovunjwa

Imebaki kueleza kwa nini vyombo hivi vimetufikia vikiwa vizima, maana udongo uliotumika huvunjika na kutupwa. Vilivyotajwa hapa karibu vyote vilifukuliwa Italia. Waetruski, watu wa kaskazini ya Roma, walivinunua kwa wingi kutoka Athens, na walipokufa walizikwa navyo. Mwaka 1828 uchimbaji ulipoanza Vulci kwenye ardhi ya Lucien Bonaparte, ndugu yake Napoleon, vilitoka kwa maelfu. Kabla ya hapo wengi waliamini kuwa vilifanywa na Waetruski. Ndiyo sababu Mwingereza Josiah Wedgwood alikiita kiwanda chake cha vyombo, mwaka 1769, Etruria. Kwa hiyo waliomhifadhi Penthesilea, Memnon na Priam walikuwa watu wa taifa jingine, ambao baadaye Roma iliwameza pamoja na lugha yao.

Kimoja katika vyombo vyao kina habari ya karibu nasi. Karibu na mwaka 515 K.K. mchoraji Euphronios na mfinyanzi Euxitheos walifanya bakuli la mvinyo lenye picha ya Sarpedon, mfalme wa Lycia, mwana wa Zeus, aliyekuja kuisaidia Troy akauawa na Patroclus. Naye ni adui aliyeshindwa. Amelala katikati, mkubwa kuliko wote, damu inamtoka kwa majeraha matatu, na ndugu wawili wenye mbawa, Usingizi na Mauti, wanamwinua kwa upole wampeleke kwao akazikwe, na Hermes anasimamia. Zungusha bakuli uone upande wa pili: vijana wanavaa silaha. Hawa si mashujaa wa Troy. Ni vijana wa kawaida wenye majina yao, wanafunga deraya na kushika ngao. Euphronios ameweka vijana wa Athens na maiti ya adui mgongo kwa mgongo, kwenye chombo kimoja.

Bakuli hilo liliibwa kaburini karibu na Cerveteri mwaka 1971. Mwaka 1972 makumbusho ya Metropolitan ya New York ililinunua kwa dola milioni moja. Italia ililidai kwa miaka mingi, likarudishwa mwaka 2008, na leo limo Cerveteri, karibu na ardhi lilikotolewa. Tumempata tena Sarpedon, na vidonda vyake, na mkono wake uliolegea. Lakini wezi hawakuandika walichokikuta. Mifupa ilikuwa ya nani, mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, aliwekewa nini kingine pembeni yake, na bakuli lilielekezwa upande gani: yote hayo yalifagiliwa usiku mmoja pamoja na kifusi. Mtu huyo alichagua, au jamaa zake walimchagulia, kulala na picha ya adui anayebebwa kwa heshima. Euphronios alimhifadhia Sarpedon uso kwa miaka 2,500, na aliyemtunza Sarpedon muda wote huo ndiye tuliyempotezea wake.